Cheti cha kukereza chuma nimekipata!

Jamani, leo nimefurahi! Nimechukua cheti changu cha NITA (mamlaka ya Kenya ya mafunzo ya viwandani), Gredi ya 3, ufundi wa kukereza chuma, yaani kukichonga kwa kisu huku mashine ikikizungusha. Mchana mimi ni karani wa hesabu hapa Kisumu. Darasa lilikuwa jioni baada ya kazi, na sikusomea ajira. Napenda chuma tu, tangu utotoni.

Kilichoniteka hasa ni usahihi. Ncha ya kisu lazima ilingane kwa kimo na kitovu cha mashine, pale chuma kinapozungukia. Ikishuka kidogo tu, ukisawazisha uso wa chuma kinabaki kichunusi katikati. Na maikromita, kifaa cha kupimia unene, inasoma hadi milimita 0.01, wembamba ambao hata unywele haufikii! Shafti, ile fimbo ya chuma ya mviringo, ikiingia kwenye beringi kwa kusukumwa na kidole gumba, bila kulegea, raha yake haielezeki.

(Wenzangu wa jua kali, glavu msivae kwenye mashine inayozunguka. Ikizinasa, inavuta na mkono. Mwalimu wetu hakuchoka kulisema.)

Mwalimu, Mungu akubariki. Sasa nataka kubobea kukata nyuzi za skrubu. Mwenye vipande vya shafti chakavu pale soko la Kibuye aniwekee, Jumapili nitapita.