Nauli ya Mche wa Sabuni

Barabara ya kutoka Chimala kupanda Matamba, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, inajulikana kwa kona zake 57. Nilianza kuzihesabu, nikafika ya 23, gari likaanza kunuka petroli.

Dereva alisimama palepale. Utingo akaruka na jiwe la kukingia tairi, nasi tukashuka. Chini kabisa bonde la Usangu lilikuwa limetandaza majaruba yake ya mpunga, ila hakuna aliyelitazama. Jiwe la barabarani lilikuwa limerukia tangi na kulipasua. Ufa wenyewe hauzidi urefu wa ukucha, lakini tone halikauki. Mzee mmoja aliyeshatoa sigara akaambiwa akaivutie kona ya chini.

Utingo alianza na kijiti alichokizungushia kitambaa. Wapi! Ufa si tundu. Kijiti kinazidi kuupanua. Dereva akatoka uvunguni, akamwendea mama aliyebeba katoni la sabuni za duka lake.

"Shikamoo mama. Naomba mche mmoja."

"Marahaba. Unataka kufua saa hizi, mwanangu?"

Dereva aliikwangua sabuni kwa kisu, akaifinyanga viganjani bila tone la maji mpaka ikalainika kama ugali uliopoa. Tangi likapanguswa likakauka, sabuni ikasindiliwa kwenye ufa kwa kidole gumba, juu yake kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, kisha mikanda ya tyubu hiyohiyo ikavutwa kulizunguka tangi mpaka utingo akatoa jasho. Tukasubiri. Tone likakoma.

"Sabuni na petroli hazijuani," dereva alinieleza, maana nilikuwa nimeinama kuliko abiria wote. "Haiyeyuki humo. Adui yake maji."

Na maji yalikuwa yanakuja. Mimi nilikuwa naelekea hifadhi ya Kitulo kuangalia maua, na maua yale huchanua msimu wa mvua, kwa hiyo sikuwa na haki ya kulalamika. Wingu lilishakaa juu ya mlima. Ikatafutwa nailoni ya kufunika kiraka, ukazuka mfuko wa rambo, ile mifuko iliyopigwa marufuku mwaka 2019. Hakuna aliyeuliza umetoka wapi. Ukafungwa, tukapanda.

Kona zilizobaki sikuzihesabu. Dereva alikwenda polepole, akikwepa kila dimbwi kama mtu aliyevaa viatu vipya, na mara mbili utingo alishuka kuchungulia. Mara ya pili alirudi na povu kidoleni. Akamwonyesha dereva, hakutuonyesha sisi, lakini tuliona. Gari zima likanyamaza.

Tulifika Matamba jioni, tumeloa, tangi bado limeshika. Utingo akapita kukusanya nauli. Alipomfikia yule mama, mama alikuwa anahesabu miche iliyobaki.

"Mama, nauli."

"Nauli yangu iko kwenye tangi," alisema bila kuinua macho. "Kaibandue."