Siku moja kwenye chumba cha siki, Mtwara

Saa 12:30 asubuhi. Bajaji kutoka Mikindani, mkoba mapajani. Wenzangu humo wanaongelea bei ya korosho.

Saa 1:30. Natengeneza dawa ya kupimia dalili za awali za saratani ya mlango wa kizazi: mililita 5 za asidi asetiki, ile ya kwenye siki, na mililita 95 za maji. Naitengeneza kila siku, maana dawa iliyolala siiamini.

Saa 3. Mama wa kwanza katoka Tandahimba, kalala kwa mdogo wake Shangani. Miaka 46, hana dalili yoyote. "Mwanangu, ni siki hiihii ya kachumbari?"

"Ndiyo mama, ila hii imepimwa."

Napaka kwenye mlango wa kizazi, nasubiri dakika moja. Likatokea doa jeupe, lina kingo. Sikumficha. Nikamweleza kwa habari za ghala, kwa kuwa ni mkulima wa korosho.

Kila seli ina karani, protini iitwayo Rb. Kamshika E2F, mwenye ufunguo wa kuzaliana, na hamwachii mpaka amri ifike. Kirusi cha HPV, ndicho kinacholeta saratani hii, hakina vyombo vyake vya kunakili vinasaba. Kinategemea vya seli, tena vikiwa kazini. Basi protini yake E7 inamng'ang'ania Rb mpaka amwachie E2F, na seli inagawanyika bila kibali. Hapo mlinzi, p53, angeshtuka akaizuia au akaiua. Lakini kirusi kina protini nyingine, E6. Huyo hamsagi p53 kwa mkono wake. Humleta E6AP, kimeng'enya cha mwili wetu wenyewe, kikamtia p53 alama ya taka, naye anasagwa.

Mama akanyamaza. "Kwa hiyo mlinzi kauzwa na mtu wa ndani?"

Hasa. Na ule weupe ndio seli zilizosongamana, viini vikubwa, protini zake zikigandishwa na siki. Mara nyingi safari ya kutoka hapo hadi saratani ni ya miaka mingi, ndiyo maana naipenda kazi hii: tunawahi. Nikalichoma doa kwa kifaa cha joto, hata dakika haikuisha. Arudi baada ya mwaka.

Saa 6. Zamu ya dada zetu wa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU. Mwenye VVU ana hatari ya saratani hii mara sita zaidi, kwa hiyo hawa siwaachi wapite hivihivi hata foleni iwe ndefu.

Saa 7:30. Wali na pweza, haraka.

Saa 8. Bibi wa miaka 61, anatoka damu miezi minne. Siki haikuhitajika, uvimbe unaonekana kwa macho. Kwenye saratani kama hii mara nyingi vinasaba vya kirusi vimekatika vikajipachika kwenye vya seli, na E2, protini iliyokuwa ikiwatuliza E6 na E7, imepotea. Wamebaki bila wa kuwakemea. Njia ya PI3K na AKT, inayoiambia seli iishi na ikue, nayo mara nyingi huwa imewashwa muda wote. Nikachukua kipande kidogo cha nyama kikapimwe, nikaandika rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani, Dar es Salaam. Nauli ndiyo swali la kwanza aliloniuliza, na iliniuma.

Aliyemsindikiza ni mjukuu, miaka 12. Nikamuuliza kama alichanjwa chanjo ya HPV shuleni.

"Siku ile nilikuwa shamba, nesi."

Dozi ni moja tu, na ni bure. Nikamshika mkono tukaenda chumba cha chanjo, bibi akitusubiri kwenye benchi.