Kaa Kwanza, Kusoma Baadaye

Anayetaka kujifunza kutuliza akili huanza na kusoma, na kwa kuwa kusoma kunanoga, mwaka unakwisha hajakaa chini kutulia hata mara moja. Kwa maoni yangu anapoteza muda. Akae wiki mbili kwanza, ndipo afungue kitabu. Maneno atayaelewa kwa sababu mwili umeshayaonja.

Hapa Tanga saa nzuri ni baada ya swala ya alfajiri, jua halijaanza kuchoma: barazani kwako, au ufukweni Raskazone kabla watu hawajajaa. Ukikaa mkekani, kunja khanga tatu nne uziweke chini ya makalio, magoti yawe chini kidogo ya nyonga. Bila hivyo mgongo unajikunja, mishipa ya fahamu inabanwa na mguu unakufa ganzi. Ukifa ganzi, badili mkao. Kuvumilia hakuongezi kitu.

Tega kengele ya simu dakika 10. Hesabu pumzi kila inapotoka, moja hadi kumi, kisha anza tena moja. Pumzi usiirefushe wala usiisukume. Anayepumua kwa nguvu hutoa kaboni dayoksaidi kupita kiasi, akapata kizunguzungu na vidole kuchomachoma. Utafika nne, halafu utajikuta unawaza ada ya shule, au umeshahesabu hadi kumi na saba. Rudi moja. Wengi huacha hapa wakidhani wameshindwa, na inasikitisha, kwa sababu zoezi lenyewe ni huko kurudi. Ukirudi mara thelathini, umefanya mazoezi mara thelathini.

Hipnosisi, yaani kuituliza akili sana kwa maneno hadi mwili uyafuate, nayo huogopwa kama uganga, lakini unaweza kujifanyia mwenyewe. Daktari Mjerumani Johannes Schultz alichapisha njia yake mwaka 1932, nayo inaanzia mkononi. Lala chali, fumba macho, mikono kando, viwiko vimelegea. Sema kimoyomoyo, polepole: “Mkono wangu wa kulia ni mzito.” Mara sita. Kisha mara moja: “Nimetulia kabisa.” Rudia mzunguko huo mara mbili tatu. Kosa kubwa ni kuusukuma mkono chini ili uwe mzito. Msuli ukikaza, uzito hauji. Wewe sikiliza tu jinsi kiganja kinavyolalia godoro. Siku za mwanzo huenda usisikie chochote, na hiyo si dalili mbaya. Ukifanya baada ya wali wa mchana utalala fofofo, basi chagua saa nyingine.

Mwenye kifafa, au anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, azungumze na daktari kwanza.

Kumaliza hipnosisi hii kuna utaratibu wake: kaza ngumi, kunja na kunyoosha mikono kwa nguvu mara kadhaa, vuta pumzi ndefu, ndipo ufumbue macho. Anayeruka hatua hii huinuka na uzito mwilini na kichwa cha usingizi, na hapo asipande bodaboda kuiendesha mpaka achangamke.