Magunia ya Marekani

Msimu wa pamba wa 2006 nilipata kibarua katika kiwanda cha kuchambua pamba nje kidogo ya jiji la Mwanza. Sisi wanawake tulikaa kuzunguka lundo kabla pamba haijapelekwa kwenye mashine, tukitoa majani makavu, vitumba vibovu, vijiti, na zaidi ya vyote, nyuzi za mifuko ya salfeti.

Siku moja msimamizi alisimamisha kazi. Alikuwa ameshika pamba iliyokwisha kuchambuliwa, akachomoa ndani yake uzi wa buluu, mfupi kama kope. "Huu haushiki rangi," alisema. "Ukifika huko Asia ukasokotwa na kufumwa, kitambaa kikitiwa rangi wenyewe unabaki hivi hivi. Mnunuzi akikuta nyuzi hizi, robota zima anatukata bei." Robota moja, yaani mzigo wa pamba iliyoshindiliwa na kufungwa, lilikuwa na karibu kilo 200.

Nikamkumbuka baba. Kwetu ni Misungwi, si mbali na Ukiriguru zinakofanyiwa utafiti mbegu za pamba. Baba alilima tangu enzi za ushirika, na aliyofundishwa na mabwana shamba wa wakati ule hakuyaacha. Tulisubiri umande ukauke ndipo tuchume. Nyeupe iliyofunguka vizuri, pamba safi, ilikuwa na gunia lake; yenye madoa, ile fifi, ilikuwa na lake. Magunia yenyewe alishona mama kwa kitambaa cha pamba kiitwacho marekani. Salfeti baba hakutaka hata kuiona karibu na pamba.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda nyumbani, nikamkuta anapakia mkokoteni. Nikafuatana naye hadi kituo cha kununulia pamba.

Karani alipima safi, akaandika. Akapima fifi, akaandika mstari uleule.

"Bei ni moja, mzee. Mwagia pale."

Pale palikuwa na lundo la watu wote. Niliingiza mkono: chini ilikuwa mbichi, na mchanga ukabaki viganjani. Kuna waliokuwa wakimwagia pamba maji na kuitia mchanga ipate uzito, na siku ile walilipwa kilo sawasawa na baba. Vijana wawili walikuwa wakishindilia pamba kwa miguu ndani ya mifuko ya salfeti iliyochanika midomo, nyuzi za buluu zikining'inia.

Nikamweleza karani niliyoyaona kiwandani. Alinisikiliza kwa heshima tu. "Dada, mimi nimetumwa kilo."

Baba hakubishana. Alimwaga safi yake pembeni, mbali kidogo na lundo, kisha fifi mahali pengine. Kijana akaja na koleo, akasukuma vyote pamoja.

Kwa haki, karani yule simlaumu sana. Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994, wengi walikuja kugombania pamba ileile, na aliyekataa mzigo mchafu alijua jirani yake angeununua. Madaraja yakabaki kwenye karatasi. Mimi nafurahi kila nikisikia habari za mbegu bora, za kupanda kwa nafasi, za dawa ya funza wa vitumba. Yote hayo yanamwongezea mkulima kilo. Lakini sehemu kubwa ya pamba yetu inauzwa nje, na jina lake huko sokoni lilianza kuharibika hapa hapa kwenye mizani, pale mwenye safi na mwenye mchanga walipopewa bei moja. Tofauti ya bei ingefika mkononi mwa baba, hata kama ni shilingi chache kwa kilo, hakuna bwana shamba ambaye angehitaji kumhimiza mtu.

Njiani baba aliyakung'uta yale magunia, akayakunja, akayakalia. Hatukuongea mpaka nyumbani.

Msimu uliofuata tulichuma yote pamoja, kwenye mifuko ya salfeti tuliyopewa kituoni. Mama aliyafumua magunia ya marekani, akatushonea mashuka.