Siku moja na wageni wanne mjini Amu, yaani Lamu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nimetoka msikitini. Sirudi kulala, nateremka gatini kutazama maji. Leo yatajaa jioni, na yakijaa, njia ya ufuoni ya kwenda kijiji cha Shela humezwa, kwa hiyo nitahitaji mashua. Nakubaliana bei na nahodha mapema, maana wageni wakishasimama pembeni yetu bei hupanda. Wanaotuita sisi waongoza watalii bichi boi, yaani vijana wa kuvizia wageni ufuoni, hutuona saa nne, tumesimama kivulini na mgeni mwenye kofia. Saa hii hawatuoni. Nina kibali, nina miaka kumi na mmoja katika kazi hii, na hakuna kichochoro cha Mkomani, mtaa wa kale wa mji wetu, nisichoweza kukipita gizani.

Saa moja, mahamri kwa mbaazi. Saa mbili niko kwenye nyumba walikofikia wageni: marafiki wanne kutoka Lisbon, Ureno, wanawake wawili na wanaume wawili. Wametokea Malindi, wameiona nguzo ya Vasco da Gama, na mmoja wao, mrefu mwenye simu mkononi, ameshaamini kwamba pwani yote hii ilijengwa na mababu zake. Nawapa masharti kabla ya kutoka: mabega na magoti yafunikwe, punda akija jibanze ukutani, na usimpige mtu picha bila idhini yake. Wote wanne wameitikia.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Niliwaonyesha kuta za matumbawe na chokaa, zidaka, vile vishubaka vya ukutani vilivyochongwa ndani, na wikio, lile daraja linalounganisha nyumba mbili juu ya kichochoro ili wanawake wavuke bila kushuka njiani. Mmoja wa wale wanawake aliuliza kwa nini vyumba ni virefu lakini vyembamba hivi. Nilifurahi sana, kwa sababu swali hilo huuliza mtu anayetazama kweli. Dari imelala juu ya boriti za mikoko, na boriti hazina urefu wa kubeba chumba kipana. Msitu wa mikoko ndio uliopima nyumba zetu.

Saa tano tuko Ngomeni, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa mazito. Yule mrefu akasema ngome ni ya Wareno. Nikamwambia hapana: ya Wareno ni Fort Jesus, ya 1593, iko Mombasa. Hii yetu ilianza 1813, baada ya vita vya Shela, watu wa Amu walipowashinda watu wa kisiwa cha Pate na Wamazrui, watawala wa Mombasa, kisha wakaomba ulinzi kwa Seyyid Said, mtawala wa Oman. Ilimalizika 1821. Baadaye ikawa gereza hadi 1984. Akatazama simu yake, akatikisa kichwa. Nikarudia. Akaniuliza nimesoma wapi. Nilimjibu kwa upole, lakini swali lile lilinikaa kifuani. Nimefundishwa na wazee waliokuwa wakiketi katika uwanja huo huo wa Ngome, tena nimesoma, na mji huu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001 kwa sababu ya mambo hayo hayo ninayomweleza.

Jua limekuwa kali, miguu imeanza kuuma. Tukarudi vichochoroni kutafuta kivuli, na kabla sijageuka nikasikia sauti ya kamera. Alikuwa bi mkubwa mmoja, amekaa kwenye daka, baraza la mlangoni, la nyumba yake akichambua mchele, mjukuu pembeni. Alijifunika uso kwa leso papo hapo. Nikamwambia yule mgeni mrefu aifute. Akasema ni picha tu, na yeye amesimama njiani, njia ni ya watu wote. Nikamweleza kwamba njia ni ya wote, lakini daka ni nyumba. Hapo ndipo mwenye nyumba hupokelea asiyestahili kuingia ndani, na anayeketi pale yuko kwake. Hakusikia. Vijana wawili walitoka mlango wa pili, nami nikajikuta nimesimama katikati, huku naomba subira kwa Kiamu, kule naomba simu kwa Kiingereza. Sijui tulisimama muda gani. Shati lilikuwa limeshikana na mgongo. Mwishowe rafiki yake, yule aliyeuliza habari ya vyumba, alimnyang'anya simu, akaifuta picha, akanionyesha kioo ili nihakikishe.

Chakula cha mchana sikumbuki kilikuwa nini. Shela tulikwenda kwa mashua, wakapanda vilima vya mchanga, nami nikawangoja chini na viatu vyao. Walinilipa magharibi, bei tuliyokubaliana, bila ziada. Wanaondoka kesho.

Mimi siondoki. Baada ya isha nilinunua mikate ya mofa ya moto nikarudi kwenye daka lile. Nikamwamkia, nikamwomba radhi, nikamwambia aliyekosea ni mgeni lakini aliyemleta ni mimi. Akanyamaza kidogo, akaupokea mkate.

"Na hiyo picha?"

"Imefutwa, bi mkubwa. Nimeiona ikifutwa kwa macho yangu."

Akasogeza sinia la mchele pembeni, akaniita kwa Kiamu: "Ndoo, mwanangu. Kahawa iko motoni."