Silinda Ilipogoma Kufunguka: Nilivyoishughulikia Bastola Yangu Nyumbani

Bastola ya silinda ikianza kuwa nzito kwenye kifyatulio, wengi hukimbilia kusema springi imechoka au kuna kitu kimevunjika ndani. Yangu ilianza hivyohivyo, na ndani hapakuwa na kilichovunjika. Naandika kwa ajili ya wenzangu tunaoishi Marekani na kumiliki bastola hizi, hasa za zamani zilizopita mikono kadhaa, kwa sababu maelezo ya kazi hii kwa Kiswahili ni adimu, na silaha si kitu cha kubahatisha.

Ni Smith & Wesson Model 10, ya risasi za .38 Special, yenye matundu sita. Aina hii ilianza kutengenezwa mwaka 1899 ikiitwa Military & Police, na jina la Model 10 likaja 1957 kampuni ilipoanza kuzipa bastola zake namba. Polisi wa Marekani waliibeba kwa miongo mingi, ndiyo maana zilizotumika bado zipo nyingi madukani. Yangu niliinunua hapa Texas kwenye duka lenye leseni, baada ya kujaza fomu ya serikali kuu na kuhakikiwa. Ukifungua silinda ukatazama kwenye fremu, pale unapojilaza mkono unaoibeba silinda ikifunguka, utaona namba imepigwa: 10-5. Namba hiyo ilikuja kunisaidia.

Nilikuwa uwanja wa shabaha. Raundi za kwanza zilikwenda vizuri, kisha kifyatulio kikaanza kugoma kidogokidogo. Kila nikikivuta nahisi silinda inaburuzika. Nilipomaliza risasi nikasukuma kitufe cha kufungulia, silinda haikutoka. Nilikuwa na hakika nimepiga zote sita, lakini bastola usiyoweza kuifungua huna namna ya kuikagua, kwa hiyo inabaki kuhesabiwa kuwa ina risasi. Niliacha mtutu ukielekea kwenye shabaha, nikatoa kidole kwenye kifyatulio, nikainua mkono kumwita msimamizi.

Msimamizi ni mzee aliyezishika bastola hizi maisha yake yote. Hakuhangaika na kitufe. Aliinama akatazama kifimbo kilicho chini ya mtutu, kile unachokisukuma kutoa maganda, akanionyesha kwa ncha ya kalamu: kilikuwa kimejifungua na kurefuka. Kifimbo hicho kimefungwa kwa meno kama skrubu. Kikilegea kinasogea mbele na kukandamiza pini ya kufuli iliyo chini ya mtutu, na silinda inabanwa mbele na nyuma. Alivuta nyundo, kile kipande cha nyuma kinachogonga ili risasi ilipuke, nyuma kidogo tu ili silinda izunguke huru, akakibana kifimbo kwa vidole na kuizungusha silinda taratibu hadi kikarudi ndani. Silinda ikafunguka. Maganda sita, yote matupu. Kama zingekuwamo risasi nzima, sidhani angekubali kufanya hivyo palepale, na mimi nisingemwomba.

Akaniambia silinda ikiendelea kuburuzwa na uchafu, kifimbo kinaweza kulegea tena, kwa hiyo nikiondoka na kukikaza tu nitarudi na shida ileile. Kazi iliyobaki ilikuwa ya nyumbani.

Kwetu Kenya jambo hili lisingefika mezani kwangu, kwani Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inaiacha kazi ya kutengeneza silaha kwa wafanyabiashara waliosajiliwa. Huku mwenye bastola anaruhusiwa kuitengeneza ya kwake. Hata hivyo nyumbani kuna utaratibu. Risasi zote zilibaki zimefungwa chumba kingine, hata moja haikuletwa mezani. Nikafungua silinda, nikayatazama matundu yote sita, nikapitisha kidole kwenye kila moja, ndipo nikakaa. Mke wangu alipita akasema, "Baba watoto, watoto wakirudi shule nikute hiyo kitu iko kwenye kabati lake." Nikamwitikia sawa, na ndivyo ilivyokuwa.

Nilianzia kwenye nyota. Nyota ni kile kibamba nyuma ya silinda kinachonyanyuka kikiwa kimeshika vitako vya maganda. Nikisukuma kifimbo na kumulika tochi chini yake, nikaona chembe za baruti ambayo haikuungua, ndogo na bapa, rangi ya kijivu kijani, zimeshikana na mafuta ya zamani hadi zikawa utando. Huo utando ndio uliokuwa ukiizuia nyota kukaa chini sawasawa. Ikinyanyuka hata kwa unene wa karatasi, vitako vya risasi vinasugua ukuta wa nyuma na silinda inakuwa nzito. Nikasugua kwa mswaki mkavu kwanza, halafu mswaki wenye dawa ya kusafishia bunduki, na kona zile mswaki usipofika nikatumia kijiti cha kuchokolea meno. Mafuta sikuyaweka pale chini hata tone, kwa sababu ndiyo yanayozinasa chembe.

Chembe hizo huingia kwa jinsi mtu anavyotoa maganda. Mtutu ukitazama chini wakati unasukuma kifimbo, maganda yanatoka kwa shida na uchafu unadondokea chini ya nyota. Mtutu utazame juu, usukume mara moja kwa nguvu, uchafu uanguke nje pamoja na maganda. Naona kila mwenye bastola ya silinda angefundishwa hili kabla ya kufundishwa kulenga.

Upande wa mbele wa silinda ulikuwa mweusi kwa masizi na madini ya risasi yaliyoyeyuka. Mtu anaweza kukwangua mpaka ung'ae, lakini weusi peke yake hauna madhara. Kinachodhuru ni ukoko unaojaza nafasi kati ya silinda na mtutu. Nafasi hiyo kwa kawaida huwa kati ya inchi 0.004 na 0.010. Niliipima kwa zile geji bapa ambazo mafundi wa magari hupimia plagi. Baada ya kuondoa ukoko, ya 0.006 iliingia na ya 0.007 ikakataa, nikaridhika.

Kisha kifimbo. Hapa ndipo ile namba 10-5 ilipohusika. Bastola za zamani za aina hii zilikuwa na meno ya kawaida kwenye kifimbo, ila kampuni ikayageuza kuwa meno ya kushoto mwanzoni mwa miaka ya 1960, ili mzunguko wa silinda usiwe unayalegeza. Yangu ni ya baada ya mabadiliko hayo. Maana yake, ukikitazama kifimbo kwa mbele, kukaza ni kuzungusha kinyume cha saa. Asiyejua atakaza kwa nguvu zake zote huku anafungua, au atakata meno. Kabla ya kukigusa nilirudisha maganda matupu kwenye matundu yote sita. Yanaishikilia nyota isipindike, la sivyo nguvu yote inakwenda kwenye vipini vyake vidogo, na vikikatika hiyo ni kazi ya fundi na pesa.

Nilikifunga kifimbo kwa kipande cha ngozi ya mkanda, nikakibana na koleo, nikafungua, nikasafisha meno, nikatia tone la gundi ya bluu ya kushikia skrubu na kukaza. Bluu, maana hiyo inafunguka tena kwa vifaa vya mkono. Nyekundu inataka moto. Tone lisizidi, likichuruzika ndani linaigandisha pini ya katikati, ile inayopita ndani ya kifimbo. Nikaiacha ikauke usiku kucha ndani ya kabati lake lenye kufuli.

Bamba la ubavuni, linalofunika mitambo ya ndani, sikulifungua. Skrubu zake huharibika kwa bisibisi za kawaida, na dalili zangu zote zilikuwa nje. Nilikagua tu kama zimekaza.

Mwisho nilivuta nyundo polepole sana, kidole kikiigusa silinda kuipa uzito kidogo, nikisikiliza. Silinda inatakiwa ijifunge kabla nyundo haijafika mwisho. Matundu matano yalijifunga kwa mlio safi. La sita lilichelewa, nyundo ikafika na silinda bado inahitaji kusukumwa kidogo. Mara nyingi hilo hutokana na kulika kwa kile kiguu cha ndani kinachoizungusha silinda, au kwa meno ya nyota kinayoyasukuma, na kiguu kipya huchongwa kwa tupa hadi kilingane na bastola husika. Nimeipeleka kwa fundi mwenye leseni pamoja na karatasi niliyoandika tundu lipi linachelewa. Amesema nisiipige hadi abadilishe, na ameagiza kifaa.