Nilikata mikorosho ya urithi, na sijuti

Kila semina ya mabadiliko ya tabianchi niliyohudhuria inaanza na kuisha kwa "tupande miti". Sawa. Mimi nilianza kwa kukata, na ndiyo maana mvua za Novemba siku hizi hazininyimi usingizi.

Niko Newala, mkoani Mtwara, juu ya Uwanda wa Makonde. Ardhi yetu ni mchanga mtupu, mito iko huko chini bondeni. Shamba ni la mjomba, kama mila yetu ilivyo, na mikorosho aliyonikabidhi ilikuwa mirefu, imeshikana matawi hata jua la saa sita halifiki chini. Ukiiona kwa mbali unasema huyu ana mali. Ukija kupima gunia ghalani unanyamaza.

Mkorosho unataka kiangazi cha kweli. Unatoa maua kuanzia Juni, na zamani tulikuwa na uhakika kwamba mpaka Oktoba ni jua tu. Sasa manyunyu yanakuja hovyo katikati ya maua. Salfa, dawa ya ukungu uliyopulizia alfajiri, inaoshwa yote, hewa inabaki na unyevu, na ugonjwa wa ubwiriunga unapaka maua yale unga mweupe mpaka yanakauka. Ukinusurika hapo, mvua za kupandia zinawahi kabla hujamaliza kuokota. Miti ya zamani inatoa maua kidogokidogo na kwa kuchelewa, kwa hiyo wewe unaokota kwenye tope, korosho zinakuwa nyeusi, na mnadani daraja la kwanza linakupita.

Ushauri niliopewa? Wa kwanza: ongeza salfa. Salfa ya kuoshwa na mvua, ukiiongeza unaosha nyingi zaidi. Wa pili: ng'oa yote, panda miche mipya. Na hiyo miaka mitatu ya kusubiri watoto wanakula nini, hakuna aliyesema. Kuna bwana mmoja alituhimiza tukate bima ya mazao. Tukamuuliza fidia inalipwa lini, akasema chai iko tayari.

Nilichofanya nimekitoa TARI Naliendele, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, pale karibu na Mtwara mjini, ambapo utafiti wa korosho wa nchi nzima ndiko unakofanyika. Wanaita kubebesha miti mikubwa. Huung'oi mkorosho. Unaukata ubaki kisiki cha urefu wa kiunoni au chini yake, machipukizi yanatoka, halafu unayabebesha vikonyo, yaani unayaunganishia vijitawi vya ncha kutoka mti mwingine wa aina bora. Mizizi ya zamani iko chini imeshajua maji yalipo, juu unavaa mti mwingine. Mche mpya ukikutana na kiangazi cha huku unalia. Kisiki changu hakijui habari hiyo.

Mjomba alipoona chensoo inashuka kwenye bodaboda alikaa chini kabisa. "Mpwa wangu, mkorosho ni mzazi, haukatwi." Nikamwambia shikamoo tena, nikaenda safu ya mwisho ambayo haionekani kutoka barazani kwake.

Ujanja wenyewe upo kwenye mambo ambayo hakuna anayeyaandika. Kata mshazari, sehemu iliyokatwa iinamie upande mmoja, la sivyo maji yanatuama juu na kisiki kinaoza. Paka rangi ya mafuta palepale, ile ile ya milango, kwa sababu mchwa wa huku hawasubiri kualikwa. Machipukizi yatatoka kama nywele za mtoto asiyenyolewa, usiyapende yote. Bakiza machache yenye nguvu, yaliyokaa mbalimbali kuzunguka kisiki, mengine nyofoa. Yakifika unene wa penseli ndipo unabebesha. Kikonyo usikikate siku ya kukitumia. Wiki moja au zaidi kabla, nenda kwenye mti mama, punguza majani kwenye ncha uliyoichagua na uiache hapohapo mtini, vijicho vivimbe. Hapo ukikichomeka na kukifunga nailoni kinashika haraka, unaona kijani kabla jirani hajamaliza kukucheka. Mimi vikonyo nilichukua vya aina inayotoa maua mapema na kwa pamoja, makusudi, ili korosho zangu zianguke kukiwa bado kukavu.

Na sikukata shamba zima! Nilikwenda safu kwa safu, nyingine zikiendelea kuzaa. Kwenye ule mwanga mpya nikapanda mbaazi na choroko, vitu ambavyo chini ya mikorosho ya mjomba visingeota hata kwa dua. Mbaazi ndizo zilizolipa vibarua. Gharama siwezi kukutajia kwa usahihi, chensoo ya kukodi inategemea umeelewana vipi na mwenyewe, ila jumla ilikuwa chini ya pesa ambayo watu hutumia kwenye harusi moja ya Desemba baada ya malipo ya mnada.

Pesa nyingine niliweka kwenye bati na tanki, maana dawa za maji za kupulizia zinataka maji na huku ndoo ni pesa. Na maturubai, mazuri, siyo yale yanayochanika ukiyaangalia. Korosho naokota kila siku, nanyofoa bibo, naanika, wingu likija nakunja. Ghalani wanapima unyevu, na gunia bichi unarudi nalo nyumbani. Wanaouza kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mnada, wanakwepa kazi hii yote, na wanakwepa bei pia.

Tangazo la hali ya hewa nalisikiliza. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokata barabara kule Somanga, mashine ya kupulizia niliyoagiza Dar ilikwama njiani, lakini miti ilikuwa bado haijaanza maua, kwa hiyo nilisubiri nikiwa nimekunja nne.

Zimebaki safu zinazoonekana kutoka barazani. Mjomba anasema tuongee baada ya Idi. Mwenye chensoo nimeshamlipa kianzio.